Vyaelea Vimeundwa: Shule ya Iten na Historia ya Mbio za Kenya

Kila Mkenya anaposhinda mbio kubwa, watangazaji wa dunia hurejea maelezo yale yale: hewa nyepesi ya nyanda za juu, maziwa ya mursik, watoto wanaokimbia kwenda shuleni. Maelezo haya yanapendeza, lakini yana madhara ya kisiasa. Ikiwa ushindi ni zao la mlima na damu, basi serikali haina deni kwa mkimbiaji yeyote. Mlima umekwisha kumlipa.

Historia ya Shule ya Upili ya St. Patrick's, Iten, inatufundisha vingine. Mji huo mdogo uko ukingoni mwa Bonde la Kerio, takriban mita 2400 juu ya usawa wa bahari. Mwinuko huo ulikuwapo karne nyingi kabla ya medali ya kwanza. Bolivia na Nepal nazo zina milima mirefu zaidi, na hatujawaona mabingwa wao. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Swali la mwanahistoria ni nani aliyeunda, na kwa zana gani.

Shule hiyo ya wavulana ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na mabruda wa Patrician kutoka Ireland, ikawa ya umma katika Kenya huru. Mwanafunzi wake wa mapema, Mike Boit, alitwaa medali ya shaba ya mita 800 mjini Munich mwaka 1972. Mwaka 1976 alifika Bruda Colm O'Connell, mwalimu wa jiografia asiyekuwa na ujuzi wowote wa riadha. Alimkuta Mwingereza Peter Foster akiwafundisha wavulana mbio, akajifunza kwake, kisha akairithi kazi hiyo.

Mwaka huo huo Kenya iliungana na mataifa ya Afrika kususia Michezo ya Olimpiki ya Montreal, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1980 ikasusia tena, safari hii Moscow. Kizazi kizima cha wakimbiaji kilifungiwa mlango. Hata hivyo, shuleni kazi haikusimama, kwa kuwa ratiba ya shule haikungoja Olimpiki. Palikuwa na saa za mazoezi, mwalimu aliyewajua wanafunzi kwa majina, na mashindano ya shule za sekondari yaliyopanda ngazi kutoka wilaya hadi mkoa na taifa. Mnamo 1987 Ibrahim Hussein akawa Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya New York. Mnamo 1988 Peter Rono akatwaa dhahabu ya mita 1500 mjini Seoul. Mnamo 1992 Matthew Birir akashinda mita 3000 za kuruka viunzi na maji mjini Barcelona. Wote walipitia St. Patrick's, ambako hadi leo hupandwa mti kwa jina la kila bingwa.

Tusisahau kwamba shule iliwapa kitu cha pili: cheti. Hussein alisoma katika Chuo Kikuu cha New Mexico, na Rono katika chuo cha Mount St. Mary's, Maryland. Vyuo vya Marekani vilihitaji miguu yao, lakini havingeweza kuwapokea bila elimu ya sekondari. Boit alipata shahada ya uzamivu, akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Miguu ilipochoka, maisha yao hayakuishia hapo.

Haki inatudai tuseme pia upungufu wake. Wasichana walibaki nje ya lango hilo, hata O'Connell alipoanzisha kambi ya vijana wakati wa likizo mwaka 1989. Njia hiyo ya kambi ndiyo iliyokuja kutoa mabingwa kama Janeth Jepkosgei, bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 2007. Aidha, taifa liliacha mzigo mkubwa juu ya mabega ya mmisionari mmoja aliyeamua kutoondoka. Huo ulikuwa ukarimu, na ukarimu wa mtu mmoja haurithiwi kama sera.

Kadiri fedha za mbio za barabarani zilivyoongezeka, ndivyo kambi za mawakala na kampuni za viatu zilivyochukua nafasi iliyokuwa ya shule. Kambi humtaka kijana mapema, haimdai cheti, na hana mwalimu wa kumtafuta siku asipoonekana. Mwezi Oktoba 2021 Agnes Tirop, aliyekuwa amevunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 kwa mbio za wanawake pekee mwezi uliotangulia, aliuawa nyumbani kwake Iten. Kifo chake kiliwalazimisha wengi kuuliza ni taasisi gani humlinda msichana ambaye mapato yake yamegeuka kuwa windo la wengine. Na uwanja wa Kamariny, ambako mabingwa walifanyia mazoezi juu ya udongo, ulivunjwa ili ujengwe upya, ujenzi ukakwama kwa miaka.

Barabarani kuna tao linalomkaribisha mgeni Iten kama nyumbani kwa mabingwa. Kwa watumishi wa umma wanaosoma makala hii, ombi langu ni dogo. Bajeti ya kaunti ijapo mezani, tafuteni mafungu manne: mwalimu wa michezo aliyeajiriwa, uwanja wa shule, nauli ya mashindano ya wanafunzi, na karo ya msichana anayekimbia. Wanafunzi na wanaharakati nao wayaulize mafungu hayo hadharani. Hivyo ndivyo vitu vilivyomfanya kijana wa Iten kuwa bingwa, na hakuna hata kimoja kinachoota mlimani.