Stara ya Chooni, Pwani na Mabira

Watu wa pwani hulisitiri jambo hili hata kwa maneno: mbele ya wakubwa hawasemi choo, husema msalani, nalo msala ni mkeka wa kusalia pia. Katika magofu ya Gedi twaona vyoo vya shimo ndani ya nyumba zenyewe za mawe.

Huku Mabira, katika Karagwe ya zamani (tangu 2012 ni wilaya ya Kyerwa), choo huchimbwa nyuma ya nyumba, kibanjani. Mlango ukiwa gunia tu, migomba yatosha kuwa ukuta. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu karibu milioni 2 penye redio, wakachimba mashimo. Tangu hapo shimo likawa kitu cha kuhesabiwa. Hata shuleni kipimo ni tundu 1 kwa wasichana 20, au wavulana 25.

Lakini uwanja wa shule hauna migomba. Marekani milango ya vyoo vya watu wote huacha nafasi chini na pembeni, wageni wakashangaa. Ila komeo lipo. Msichana mwenye hedhi, asiye na komeo, hungoja mwenzake amshikie kanga, au hurudi nyumbani kabla ya kengele.