Mahame ya Wharram Percy na Watu Waliojitolea Kuyachimba

Kiswahili kina neno mahame, na neno hilo lina faida ambayo hukosekana katika neno gofu. Gofu ni jengo lililoachwa likabomoka. Mahame ni mahali pazima palipokuwa na watu, kisha watu wakahama. Msafiri wa bara huyatambua kwa miembe iliyosimama kwa safu pasipo nyumba, kwa mbuyu uliobaki peke yake, kwa vigae na jiwe la kusagia lililofunikwa na majani. Waingereza, walipotaka kuvitaja vijiji vyao vya namna hii, walisema vijiji vilivyopotea, kana kwamba kijiji ni sindano iliyoanguka mchangani. Neno letu ni kali zaidi: humlazimisha asikiaye kuuliza ni nani waliohama, na ni nini au nani aliyewahamisha.

Swali hilo ndilo lililomvuta Maurice Beresford, mwalimu wa historia ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Leeds, mpaka katika bonde la Wharram Percy mwaka 1948. Mahali hapo pako Yorkshire, kaskazini ya Uingereza, katika vilima vya jiwe la chokaa. Palikuwa na kanisa la zamani, nyumba chache, na mteremko wa majani wenye matuta na mashimo ambayo mpita njia angaliyadhani kuwa ni maumbile ya ardhi tu. Wakati ule wanahistoria wakubwa hawakuyatia maanani mambo haya. J. H. Clapham, katika kitabu kilichotolewa mwaka 1949 baada ya kufa kwake, aliandika kwamba vijiji vilivyohamwa ni nadra sana katika Uingereza. Hivi leo vinavyojulikana ni zaidi ya elfu tatu. Beresford alikuwa amekwisha kuviona vingi katika ramani na hati za kodi, lakini hati husema ni nani aliyelipa, wala hazisemi alilala wapi. Mwaka 1950 alianza kuchimba mwenyewe, bila kufundishwa kazi hiyo, akifuata kingo za matuta mpaka mawe ya misingi ya nyumba yakatokea.

Wataalamu wa mambo ya kale hawakupendezwa na mashimo yake, na kwa haki, kwani mtu afuataye ukuta kwa jembe huharibu yote yaliyouegemea ukuta ule. Lakini mwaka 1952 walifika vijana wawili waliokuwa na elimu ambayo yeye hakuwa nayo. Mmoja alikuwa John Hurst, mjuzi wa vyungu vya zama za kati, aliyefanya kazi katika idara ya serikali ya kutunza majengo ya kale. Wa pili alikuwa Jack Golson, ambaye baada ya muda mfupi alikwenda New Zealand. Badala ya kumfukuza mwanahistoria katika kiwanja, walishirikiana naye. Hurst alishika uchimbaji. Beresford alishika hati, na pamoja na hati akashika mambo ya kambi: chakula, mahali pa kulala, na barua za watu waliotaka kuja. Ugawaji huu wa kazi ulidumu mpaka mwaka 1990. Ni mara chache kusikia kwamba profesa wa chuo kikuu alihesabu mikate kila msimu kwa muda wa miaka arobaini, na pengine ingefaa isikike mara nyingi zaidi.

Watu walihitajika kwa sababu ya njia yenyewe ya kuchimba. Desturi ya siku zile ilikuwa kukata handaki jembamba, kutazama matabaka ubavuni mwake, na kukisia yaliyobaki. Njia hiyo yafaa kwa ngome na majumba yenye kuta nene. Nyumba ya mkulima haikuacha ila safu ya mawe madogo, shimo la nguzo, na udongo uliokanyagwa. Handaki huweza kuipita nyumba nzima lisiione. Denmark, mtaalamu Axel Steensberg alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba nyumba za namna hiyo lazima zifunuliwe kwa eneo zima, tabaka moja baada ya moja, na kila kigae kiandikwe mahali kilipoonekana. Njia hii ndiyo iliyofuatwa Wharram. Lakini kufunua eneo zima kwa mwiko wa mwashi ni kazi ya mikono mingi na miaka mingi, na hapakuwa na fedha ya kuwalipa watu wengi namna hiyo. Basi ilikuwa ama watu wajitolee, ama maisha ya mkulima yabaki chini ya majani.

Walijitolea. Kila mwaka, kwa muda wa majuma machache ya Julai, walikuja wanafunzi wa vyuo na wa shule, walimu, makarani, watu wa miji ya karibu, na familia zilizofanya kazi hiyo kuwa ndiyo likizo yao. Beresford, aliyekuwa na moyo wa kuwasaidia wafungwa, aliwaleta pia vijana waliokuwa wakitumikia adhabu katika shule za kurekebisha tabia. Watu walilala katika mahema na katika nyumba kuukuu zilizo karibu na kanisa. Wako waliokuja mara moja wakatosheka. Wako waliorudi mwaka baada ya mwaka mpaka wakajua udongo wa mahali pale kwa kuushika tu.

Haifai kuipamba kazi yenyewe. Mtu wa kujitolea hupiga magoti asubuhi, akakwaruza eneo la hatua chache, na jioni hana cha kuonyesha ila udongo wa rangi mbili na mfupa wa kondoo. Dhahabu haipo. Anachofundishwa kwanza ni kuacha: asing'oe jiwe kwa kuwa limejitokeza, asikitupe kigae kwa kuwa ni kidogo, asiamue maana ya kitu kabla hakijaandikwa. Uchimbaji hauna marudio. Ukurasa wa hati waweza kusomwa na mamia ya watu. Tabaka la udongo husomwa mara moja, na katika kusomwa huangamia. Kwa hiyo aliyeshika mwiko, hata kama ni mwanafunzi wa shule, alikuwa amekabidhiwa kitu ambacho hakuna mtu mwingine angeweza kukirejesha.

Thamani ya uangalifu huo ilionekana baadaye, tena kwa njia ya kuwasahihisha wakubwa. Nyumba za kwanza zilipofunuliwa, kuta zilionekana kubomolewa na kujengwa upya mara kwa mara, pengine kwa mwelekeo mwingine. Hurst alikata shauri kwamba wakulima wa zama za kati walikaa katika vibanda dhaifu vilivyodumu kizazi kimoja tu. Maoni haya yaliingia katika vitabu, yakakubaliwa, kwa kuwa yalipatana na dhana ya wenye elimu juu ya maskini. Mwaka 1989 Stuart Wrathmell, aliyezisoma upya ramani na kumbukumbu zile zile, alionyesha jambo jingine. Paa za nyumba hizo zilibebwa na jozi za mbao nene zilizopinda, zilizopanda kutoka chini mpaka kileleni. Ukuta haukubeba kitu, na kwa hiyo uliweza kubadilishwa hali nyumba imesimama imara. Mkulima wa Wharram alikuwa na nyumba ya kurithisha. Kama wachimbaji wa miaka ya 1950 wangaliandika yale tu waliyodhani kuwa na maana, kosa hili lisingaligunduliwa kamwe.

Kanisa la Mtakatifu Martin nalo lilichimbwa ndani na nje. Lilionekana kukua na kupungua pamoja na watu wake: mbavu zikaongezwa wakati wa wingi, zikabomolewa wakati wa uchache. Katika makaburi yalipatikana mabaki ya watu karibu 700, takriban wote wakulima na watoto wao. Uchunguzi wa mifupa ulijulisha kwamba watoto walinyonyeshwa kwa muda wa mwaka mmoja na nusu hivi, na kwamba mtoto wa miaka kumi alikuwa mfupi kwa karibu sentimita 20 kuliko mtoto wa umri huo wa leo. Kwa watu ambao hawakuacha hata sahihi, hii si habari ndogo. Jambo la kutisha zaidi lilitoka katika mashimo ya kijijini yaliyochimbwa miaka ya 1960, mbali na makaburi: vipande 137 vya mifupa ya watu wasiopungua kumi, wa karne ya 11 mpaka ya 14, vyenye alama za visu na moto. Vilihifadhiwa bila kueleweka. Mwaka 2017 wataalamu walitoa rai kwamba huenda wanakijiji waliikata na kuichoma miili ya wafu wao kwa hofu kwamba watainuka usiku kuwadhuru walio hai.

Ama swali la kwanza, la nani aliyewahamisha, jibu lilikuja kwa hati na udongo kukubaliana. Wengi huitaja Tauni Kuu iliyofika Yorkshire mwaka 1349. Tauni iliwapunguza, lakini watu waliendelea kukaa Wharram zaidi ya miaka mia baada yake. Katika uchunguzi uliofanywa kwa amri ya Kadinali Wolsey mwaka 1517 iliandikwa kwamba hapo plau nne zimewekwa chini na nyumba nne zimeachwa kubomoka, na aliyetajwa ni mwenye ardhi, Baron Hilton. Sufu ilikuwa na bei kuliko nafaka, na kondoo elfu huhitaji mchungaji mmoja au wawili mahali palipolimwa na familia nyingi. Hati imelihifadhi jina la aliyewatoa; waliotolewa imewahesabu kwa nyumba tu.

Msomaji wa Tanzania, ambako mamilioni ya watu walihamishiwa katika vijiji vipya kati ya 1973 na 1976, ataona tofauti moja kubwa. Katika mahame yake wangali hai wazee wawezao kuonyesha kwa kidole nyumba ya nani ilikuwa wapi, na nani aliondoka akiwa radhi na nani akilia. Wachimbaji wa Wharram walichelewa kwa karne nne na nusu.

Yako pia ya kulaumiwa. Majuma machache kwa mwaka ni machache mno, na miaka arobaini haikufunua ila sehemu ndogo ya kijiji. Kuchimba kulikimbia kuliko kuandika: kitabu cha kumi na tatu, cha mwisho, kilitolewa mwaka 2012, miaka ishirini na miwili baada ya msimu wa mwisho. Hurst alikuwa amefariki mwaka 2003 na Beresford mwaka 2005, na wengi wa vijana waliopiga magoti katika nyumba ya kwanza hawakukiona. Mashimo yalikwisha kufukiwa na majani yamerudi juu yake. Kanisa lisilo na paa limesimama na nusu ya mnara wake, nusu ya pili ikiwa ilianguka mwaka 1959.