Waliogonga kutoka ndani

Jioni ya Jumatatu, 20 Mei 1996, MV Bukoba ilipakia abiria wa Mwanza katika gati la Bukoba. Meli hiyo iliruhusiwa kubeba watu 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na 443. Daraja la tatu, walikokaa wengi, halikuwa na orodha.

Usiku ikatia nanga katika bandari ya Kemondo. Abiria wakaongezeka, na ndizi zikaongezeka. Mtu wa Kagera haendi kwa nduguye mikono mitupu, na mfanyabiashara hawezi kuliacha soko la Mwanza bila mikungu. Siwezi kuwalaumu waliopanda. Ndiyo meli iliyokuwepo, nao walikuwa na safari zao.

Kisha giza na maji, usiku kucha.

Alfajiri, kwa msafiri wa njia hii, ni saa ya kunawa uso, kuamsha watoto na kufunga mizigo, maana Mwanza imekaribia. Kuelekea saa mbili asubuhi meli ikalala ubavu, ikapinduka. Waliokuwa nje walitupwa ziwani. Waliokuwa ndani waliona dari imekuwa sakafu, na mlango waliouzoea uko upande usiofikika.

Lakini meli haikuzama papo hapo, na hapa ndipo ninapokwama kila ninapoisimulia siku hii. Ilielea, chini juu, ikishikiliwa na hewa iliyonaswa tumboni mwake. Walionusurika waliparamia chuma kile. Ndani yake watu walikuwa wakigonga, na wa nje waliwasikia.

Saa zikapita. Hapakuwa na wapiga mbizi wa kuingia chini ya maji na kuwatoa kwa njia waliyoingilia. Ikaamuliwa chuma kikatwe. Tundu lilipotoboka, hewa ile iliyokuwa ikiibeba meli ikatoka kwa nguvu, maji yakapanda ndani kuchukua nafasi yake, na MV Bukoba ikashuka hadi chini, kina cha mita 25 hivi. Waliokata walitaka kuokoa; sina shaka na hilo. Hasira yangu iko kwa nchi iliyopitisha maelfu ya watu wake juu ya Ziwa Victoria mwaka hadi mwaka bila kuandaa kikosi kinachojua la kufanya meli inapopinduka. Wapiga mbizi wa Afrika Kusini walikuja baadaye, kutoa miili.

Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Wengi walizikwa Igoma, Mwanza. Idadi ya waliokufa hutajwa kuwa kati ya 800 na 1,000. Pengo hilo la watu 200 ni daraja la tatu: mama aliyekata tiketi, akapanda na mwanawe, wala hakuna aliyeandika jina lao popote.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa watu 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika ziwa hilohilo. Walikufa zaidi ya 220, na mara hii pia hesabu ya waliopanda haikupatikana kwa uhakika. Siku mbili baadaye wapiga mbizi walimtoa fundi mmoja wa kivuko hicho akiwa hai. Alikuwa amejibanza penye hewa, ndani ya chombo kilichopinduka.