Mgeni na Kobe wa Galápagos

Mgeni azuruye leo visiwa vya Galápagos, kiasi cha maili 600 kutoka pwani ya Ekwado, haachwi kutembea apendavyo. Kundi halizidi watu 16 kwa kiongozi mmoja. Hufuata njia iliyowekwa, wala haruhusiwi mtu kumsogelea mnyama chini ya mita 2. Wako waonao kwamba huko ni kufungwa miguu.

Lakini zamani mgeni alikuwa huru kabisa. Wavuvi wa nyangumi wa karne ya 19 walishuka wakachukua kobe wakubwa maelfu kwa maelfu, wakawapakia hai katika ngama za merikebu. Kwani kobe huweza kukaa miezi mingi bila chakula wala maji, na nyama yake ipatikane mbichi safarini. Kule kutomwogopa mtu, ambako ndiko kumvutako mtalii, ndiko kulikowaangamiza.

Serikali ilitangaza hifadhi ya taifa mwaka 1959. Mwaka ule ule wavuvi waliacha mbuzi watatu katika kisiwa cha Pinta. Wakazaana, wakaitafuna nchi. Mwaka 1971 alionekana huko kobe dume mmoja tu. Alikufa mwaka 2012, asiache mtoto.