Kemikali zinazovuruga homoni na saratani ya matiti

Kemikali zinazovuruga homoni ni dutu zinazoiga au kuzuia kazi ya homoni mwilini, hasa estrojeni, inayochochea ukuaji wa seli za matiti. Baadhi, kama parabeni na ftalati, hutiwa katika vipodozi.

Kariakoo, jijini Dar es Salaam, rangi za nywele na dawa za kulainisha nywele huuzwa kwa jumla na rejareja.

Utafiti wa Marekani wa mwaka 2019 ulihusu wanawake 46,709. Kati ya wanawake weusi, waliotumia rangi ya kudumu walikuwa na hatari ya saratani ya matiti iliyozidi kwa asilimia 45. Huo ni uhusiano tu: wote walikuwa na dada aliyewahi kuugua, na viambato vyenyewe havikupimwa.

Tangu 2019 udhibiti wa vipodozi Tanzania uko chini ya Shirika la Viwango (TBS).