Kanali wa Mafaili: Hashim Mbita na Vita Vilivyoendeshwa Kutoka Dar

Asubuhi ya siku ya kazi, makutano ya Mwenge hayana subira. Daladala za Tegeta zinagombea njia na bodaboda, na barabara inayoingia hapo kutoka Ubungo ina jina ambalo makonda hulitamka bila kuliwaza: Sam Nujoma. Mwenye jina alipita mjini hapa mwaka 1960 akiwa mkimbizi. Mwaka uliofuata chama chake cha SWAPO kikafungua ofisi Dar es Salaam, na tarehe 21 Machi 1990 akaapishwa kuwa Rais wa kwanza wa Namibia. Ukivuka taa za Mwenge ukashika njia ya Bagamoyo, mwendo mfupi tu unaikuta kambi ya Lugalo na hospitali yake ya jeshi. Humo ndimo alimofariki, tarehe 26 Aprili 2015, mtu aliyewahudumia Nujoma na wenzake kwa takriban miaka ishirini: Brigedia Jenerali Hashim Iddi Mbita.

Wengi wakisikia cheo hicho humfikiria mtu wa mahandaki. Mbita hakuwa hivyo. Mzaliwa huyu wa Tabora, 1933, alianza na kalamu: alikuwa mwandishi wa habari, kisha katibu wa habari wa Rais Nyerere. Magwanda aliyavaa akiwa mtu mzima, akapelekwa Uingereza kwenye chuo cha maofisa cha Mons. Mtu huyohuyo, mwenye nyota mabegani, akawa pia Katibu Mtendaji wa TANU, chama tawala.

Kwa msomaji wa leo, aliyekuzwa akiambiwa kwamba mwanajeshi hachanganyiki na siasa, hilo linashangaza. Maelezo yake yako palepale Lugalo. Usiku wa kuamkia 20 Januari 1964, kambi ikiwa bado inaitwa Colito, askari wa Tanganyika Rifles waliasi. Waliwatia mbaroni maofisa wao Waingereza, wakadai mishahara bora na maofisa Waafrika. Tarehe 25 makomando wa Uingereza walishushwa kwa helikopta wakauzima uasi, na Serikali ikalivunja jeshi. Kuwaita wakoloni wa jana waje kukunyang'anyia silaha askari wako mwenyewe ilikuwa fedheha, na Nyerere hakuifichaficha. Jeshi jipya, JWTZ, lililozaliwa Septemba mwaka huo, lilijengwa kwa vijana wa chama, na askari akahimizwa kuwa na kadi ya TANU. Tangu hapo mpaka vyama vingi viliporudi mwaka 1992, ofisa aliweza kulala kambini Jumatatu na Jumanne akaamkia ofisi ya chama au ya mkoa. Jakaya Kikwete alipita njia hiyo, na Mbita alimtangulia.

Kutoka chama, Mbita alikwenda kwenye ofisi iliyompa jina: Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), iliyosaidia vyama vilivyopigania uhuru. Iliundwa Addis Ababa Mei 1963, OAU yenyewe ilipozaliwa, na makao yake yakawekwa Dar es Salaam. Mbita aliichukua kama Katibu Mtendaji mapema miaka ya 1970, baada ya Sebastian Chale na George Magombe, akadumu kuliko wote wawili. Kazi haikuwa na sinema yoyote. Nchi wanachama ziliahidi michango, nyingi zikachelewesha. Silaha za Urusi na China zilishushwa bandarini, zikapitia mikononi mwa JWTZ, zikaelekea makambini. Wapiganaji walitaka chakula, dawa, viatu na hati za kusafiria. Watoto wao walitaka shule. FRELIMO ilikuwa na ofisi Mtaa wa Nkrumah na Taasisi ya Msumbiji kule Kurasini, Temeke. Kila chama kilikuwa na mwakilishi mjini, na kila mwakilishi alikuwa na lalamiko.

Malalamiko mengine yalikuwa mazito mno. Oktoba 1975 makamanda wa ZANLA, jeshi la chama cha ZANU cha Zimbabwe, waliokuwa kambi ya Mgagao, Iringa, waliandika tamko la kumkataa kiongozi wao, Ndabaningi Sithole, na kumtaja Robert Mugabe kuwa ndiye wanayeweza kuzungumza naye. Tamko lilielekezwa kwa Kamati ya Ukombozi na kwa serikali za Tanzania na Msumbiji. Katibu Mtendaji afanye nini na karatasi kama ile? Akiipuuza, anawapoteza wenye bunduki. Akiikumbatia, anatuhumiwa kuwachagulia Wazimbabwe kiongozi. Njia iliyojaribiwa ilikuwa kuunganisha wapiganaji wa ZANLA na wa ZIPRA, jeshi la chama hasimu cha ZAPU, katika jeshi moja, ZIPA. Mwaka uliofuata vijana hao walipigana wao kwa wao Mgagao na Morogoro, na damu ikamwagika katika ardhi ya mwenyeji wao. Mwaka 1979 David Sibeko wa PAC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, aliuawa hapahapa Dar es Salaam, naye pia na watu wa upande wake.

Nadhani hapa ndipo cheo kilipomsaidia. Karani wa kiraia angesikilizwa kwa adabu kisha akasahauliwa. Wapiganaji waliomwita Kanali Mbita, kwa cheo chake cha wakati huo, walijua anaelewa amri na silaha. Lakini kilichofanya kazi chenyewe kilikuwa uandishi wake: kusikiliza pande mbili, kuandika taarifa ambayo wakuu wa nchi wangeielewa, na kunyamaza pale palipohitaji kunyamaza. Wanaosema ukombozi uliletwa na mtutu pekee hawajawahi kuuliza risasi zilinunuliwa na nani.

Msumbiji na Angola zilipata uhuru mwaka 1975, Zimbabwe mwaka 1980, kisha Namibia. Afrika Kusini ilipopiga kura Aprili 1994, Kamati haikuwa na kazi tena, ikavunjwa mwaka huohuo. Ni ofisi chache za umma barani humu zilizofungwa kwa sababu zimemaliza kazi yake.

Baadaye Mbita aliiwakilisha Tanzania kama balozi huko Harare. SADC ilimpa Nishani ya Seretse Khama, na Afrika Kusini ikamtunuku nishani ya O.R. Tambo. Hata hivyo, uzeeni alirudi kwenye kalamu. Mradi wa SADC uliobeba jina lake ulikusanya nyaraka na ushuhuda wa wapiganaji, wanavijiji na wafungwa kutoka nchi zilizopigana na nchi zilizowahifadhi. Matokeo yake, juzuu tisa zilizohaririwa na Arnold Temu na Joel das Neves Tembe, yalitoka mwaka 2014. Mbita aliyaona yamechapishwa, miezi michache kabla ya kufariki.