Hapana, Bikira Maria Si Kosa la Tafsiri Tu

Kila ikifika Desemba hii stori inarudi. Msee mmoja anajirekodi sekunde thelathini, muziki wa kutisha nyuma, anakwambia neno "bikira" kwenye Biblia ni kosa la tafsiri na Wakristo wameuziwa uongo miaka 2000. Wengine wanashangilia kaa timu yao imefunga. Wengine wanamtakia moto wa jehanamu. Na karibu hakuna mtu kati yao amefungua Isaya sura ya 7 akaisoma yote.

Isomeni basi, ni fupi. Siko hapa kukuhubiria, wala kukutoa kwa imani ya mamako. Nataka tu tuelewane vile mambo yalienda, juu historia yenyewe ni kali kuliko hiyo klipu.

Mwaka ni kama 735 Kabla ya Kristo. Yerusalemu iko na mfalme kijana anaitwa Ahazi, na anatetemeka. Wafalme wawili majirani, Resini wa Shamu na Peka wa Israeli ya kaskazini, wameungana wamtoe kwa kiti. Nabii Isaya anaenda kumwambia atulie. Anampa ishara: kuna mwanamke kijana atapata mimba, azae mvulana, amwite Imanueli, na kabla huyo mtoto ajue kutofautisha mbaya na nzuri, nchi za hao wafalme wawili zitakuwa mahame. Hapo watu wanaongea vita na siasa, na saa inahesabu. Mwaka 732 Waashuri waliiteka Dameski, na Resini akaisha.

Neno ambalo liko kwa Kiebrania ni almah. Kuna lingine, betulah, ambalo liko karibu zaidi na bikira, lakini si hilo limetumika hapo. Almah ni msichana aliyefikia umri wa kuolewa. Sisi wenye Kiswahili tuna bahati hapa, juu tuna neno linalokaa palepale: mwali. Ukisema mwali, kila mtu anafikiria msichana amevunja ungo, hajaolewa, na kwa heshima ya kijiji hajaguswa. Lakini neno lenyewe halijatamka hiyo ya mwisho. Unaiongeza wewe mwenyewe kichwani.

Sasa, nani aliweka "bikira"? Si Wakristo. Wakristo hata hawakuwako. Ni Wayahudi waliokuwa wanatafsiri maandiko yao kwa Kigiriki, na kitabu cha Isaya kilifika zamu yake karibu miaka 150 kabla ya Yesu. Wao ndio waliandika parthenos. Na hata hilo neno halikuwa limefungwa kufuli: kwenye Mwanzo 34, tafsiri hiyohiyo inamwita Dina parthenos baada ya Shekemu kumbaka. Kwa hiyo hapo hakuna njama. Ni watu walifanya kazi ya tafsiri, wakachagua neno, na neno likaanza kutembea peke yake.

Mpaka hapo yule msee wa klipu anaweza kusema, "Si nilikwambia?" Ngoja.

Mathayo ndiye anayetaja huo mstari wa Isaya. Luka haugusi hata mara moja. Na bado Luka naye anasema Mariamu alipata mimba bila mwanaume. Ukiziweka stori zao mbili kando kwa kando, utashangaa vile hazifanani. Mathayo ana Yosefu anaota ndoto, mamajusi, Herode anaua watoto, familia inatorokea Misri. Luka ana malaika Gabrieli, safari ya kuhesabiwa, wachungaji usiku, mtoto kwa hori. Vitu vichache tu vinapatana: majina ya wazazi, uchumba, Bethlehemu, Roho Mtakatifu, na bikira. Watu wawili ambao hawaonekani kusomana wanakutana hapo. Maanake ni kwamba stori ilikuwa inazunguka kabla hata mmoja wao hajashika kalamu. Mathayo alikuwa nayo tayari, ndipo akaenda kwa Isaya kutafuta andiko la kuishikilia. Tafsiri haikuzaa stori. Stori ndiyo ilitafuta tafsiri.

Je, hiyo inathibitisha kuwa ilitendeka? Hapana. Hakuna kazi ya historia inaweza kukuthibitishia muujiza, na Marko, ambaye wasomi wengi wanaona aliandika kwanza, hana habari yoyote ya kuzaliwa. Paulo, ambaye barua zake ni za zamani zaidi, anasema tu Yesu alizaliwa na mwanamke, anapita. Hao nao wahesabu. Lakini "kosa la tafsiri" haielezi imani ilitoka wapi. Inaeleza tu mstari mmoja ulitumikaje.

Na usidhani mabishano haya yameanza na simu yako. Karibu mwaka 155 hadi 160, Yustino Mfiadini aliandika kitabu cha mabishano yake na Myahudi anaitwa Trifo. Trifo anamwambia waziwazi: neno ni msichana, si bikira, na Isaya alikuwa anaongea mambo ya enzi ya Ahazi. Anaongeza kwamba Wagiriki wana Perseus, mwana wa Danae, ambaye Zeus alimshukia kama mvua ya dhahabu, na Wakristo waone aibu kusema vitu kaa hizo. Hoja zote mbili za klipu ya Desemba, za tafsiri na za miungu ya kigeni, ziko hapo zaidi ya miaka 1800 iliyopita.

(Hiyo ya miungu pia ipungue kidogo. Mithra alitoka kwa mwamba, hana mama. Isis alimpata Horus na Osiris, mumewe. Zeus naye, tuseme tu tabia yake inajulikana. Miungu kulala na wanawake ni kitu kimoja. Mathayo na Luka wanaandika kitu kingine, hakuna mtu analala na mtu.)

Sasa tufike mahali panaponichoma mimi. Kwa hizi kelele zote, kuna msichana mmoja katikati, na kila upande unamwongelea juu ya kichwa chake.

Mathayo mwenyewe haifichi. Mariamu ameposwa, mimba imeonekana, Yosefu anajua si yake, na anapanga kumwacha polepole asimwaibishe. Sheria ya Kumbukumbu la Torati 22 kuhusu msichana aliyeposwa akapatikana na mwingine ilikuwa ya mawe. Kwenye Marko 6, watu wa kijiji cha Yesu wanamwita "mwana wa Mariamu", wakati mwanaume wa Kiyahudi kwa kawaida aliitwa kwa jina la baba. Inaweza kuwa Yosefu alishakufa. Inaweza kuwa ni matusi. Kama umelelewa na mama peke yake unajua vile watu wanaweza kusema jina la mamako likaumiza, na hakuna kitu umeshika mkononi cha kuwashtaki nacho.

Kufika karibu mwaka 178 matusi yako waziwazi. Mwandishi wa Kigiriki anaitwa Celsus anarudia stori kwamba Mariamu alifukuzwa na mchumba wake kwa uzinzi, na baba wa mtoto ni askari anaitwa Panthera. Tunayajua maneno yake kwa sababu Origen aliyanukuu miaka kama 70 baadaye akiyajibu. Mwaka 1859 huko Bingerbrück, Ujerumani, lilichimbuliwa jiwe la kaburi la askari wa Kirumi, Tiberius Julius Abdes Pantera, mzaliwa wa Sidoni. Watu wa njama walifurahi sana. Kitu hilo jiwe linaonyesha ni kwamba askari walikuwa na hilo jina. Basi.

Na waliomtetea je? Hao nao walifika mbali kwa njia ambayo siipendi. Kuna maandishi ya karne ya 2 yanaitwa Injili ya Yakobo, ambayo haikuingia kwenye Biblia. Humo ndimo majina ya wazazi wa Mariamu, Yoakimu na Ana, yalitoka. Humo pia kuna mwanamke anaitwa Salome ambaye haamini, anataka kumkagua Mariamu kwa mkono wake baada ya kujifungua. Anamkagua, na mkono unaungua. Mwandishi alitaka kumheshimu Mariamu, lakini angalia vile amefanya: msichana ametoka kuzaa sasa hivi, na ushahidi unatafutwa ndani ya mwili wake. Tangu hapo mjadala ukakaa hapo. Je, alibaki bikira baadaye? Ndugu za Yesu waliotajwa kwa Marko, akina Yakobo, Yose, Yuda na Simoni, ni wa damu? Helvidius akasema ndiyo, Jerome mwaka 383 akamjibu kwa hasira kwamba ni mabinamu. Na kabla mtu aniulize: ile ya 1854, ya Papa Pius wa 9, ni kuhusu Mariamu mwenyewe kutungwa bila dhambi ya asili. Ni kitu tofauti, tuache kuchanganya.

Mwaka 1952 vurugu zilirudi Marekani. Biblia mpya ya Kiingereza ilitoka ikiwa imeandika "mwanamke kijana" kwa Isaya 7:14, na mchungaji mmoja huko Rocky Mount, North Carolina, akauchoma huo ukurasa mbele ya watu. Mwaka huohuo ndio Biblia ya Kiswahili ya Union Version ilikamilika, ile iliyo kwa meza ya shosho wengi. Yenyewe inasema bikira, neno la asili ya Kiarabu. Mwali hakupata nafasi.

Ukishuka Pwani utakuta watu hawabishani sana kuhusu hili, juu Waislamu nao wanaamini Maryam alizaa bila kuguswa na mwanaume. Qurani inamtaja kwa jina mara 34, zaidi ya Agano Jipya lote, na ndiye mwanamke pekee anayetajwa kwa jina humo. Sura ya 19 ni ya jina lake. Hakuna Yosefu, hakuna hori. Anashikwa na uchungu peke yake chini ya mtende, anatamani angekuwa amekufa kabla ya siku hiyo. Halafu anambeba mtoto, anarudi nyumbani kwao mchana kweupe, na watu wanaanza kumwuliza amefanya nini, na wazazi wake walikuwa watu wa heshima. Yeye ameweka nadhiri ya kutoongea siku hiyo. Hajitetei. Ananyosha tu kidole kwa mtoto.